Kila Mtu na Get Yake

Mama yangu mdogo huamka na hasira kama watu wengine wanavyoamka na njaa. Akishakunywa chai, zinaongezeka. Wanafunzi wake humwita Kiberiti akiwa amewapa mgongo, na yeye anajua. Siku moja aliacha kuandika ubaoni, akasema bila kugeuka, "Kiberiti hakiwaki chenyewe. Nani anakwaruza?" Darasa zima likainamia madaftari kama limeambiwa mtihani ni kesho.

Mimi ni mtoto wa dada yake. Diploma yangu iliishia katikati. Chuo kinasema kosa ni langu, mimi nasema ni lao, na mama yangu anasema hataki kutusikia wote wawili. Basi mama mdogo akanichukua nimsaidie kazi za darasani: kutoa kopi, kufuta ubao, kufunga madirisha. "Afadhali uje unikere mimi," aliniambia. "Dada yangu ana presha."

Naandika habari zake kwa sababu na mimi nimekasirika, na nikikaa nazo kifuani zitanipa presha ya ukoo.

Darasa lake la Kiingereza lilikuwa la jioni, la watu wazima waliotoka kazini, katika ghorofa ya pili, juu ya karakana ya madirisha ya alumini. Msumeno wa chini ukianza kulia, yeye alinyamaza, kidole juu. Ukinyamaza, aliendelea pale pale alipokatishwa, hata kama ni katikati ya neno. Madawati yalikuwa ya watoto, kwa hiyo magoti ya watu wazima yalikuwa yanagonga mbao jioni nzima, go, go, go, kama mtu anabisha hodi kwenye nyumba isiyo na wenyewe.

Na kitu alichokuwa anafundisha kuliko vyote, kwa chuki ya kweli, kilikuwa kitenzi kimoja: get.

Chuki hiyo ina asili yake. Akiwa msichana aliajiriwa mapokezi katika kampuni moja. Shuleni walikuwa wamekaririshwa maana za get kutoka kwenye karatasi, na yeye alikuwa anazijua zote kwa mpangilio, kama wengine wanavyojua majina ya wachezaji. Wiki ya kwanza kazini, simu ikalia mezani karibu na ukuta. Bosi, mgeni kutoka nje, mikono imejaa mafaili, akamwambia, "Get that." Mama mdogo akapiga hesabu haraka kichwani, akaona maana ya kwanza kwenye karatasi ni kuchukua, ya pili kuleta. Akachomoa waya ukutani, akabeba simu kwa mikono miwili, akampelekea bosi, goti limekunjwa kwa heshima.

Ofisi ilicheka mpaka mtu mmoja akashika ukuta asianguke. Kumbe bosi alitaka ipokewe tu. Tangu siku hiyo aliitwa Mleta Simu, mpaka alipoacha kazi.

"Maana zote nilikuwa nazo," huwa anasema, na mshipa wa shingo unamsimama hadi leo. "Zote! Lakini zilikuwa zimeanikwa kwenye karatasi kama nguo kwenye kamba ya watu. Unajua hili ni shati, hujui shati la nani."

Kwa hiyo alipokuwa mwalimu, aliapa kwamba kwake kila maana itakuwa na mwenyewe.

Kila darasa jipya lilipoanza, jioni ya kwanza alisimulia get ilikotoka, naye alisimulia kama mtu anayeripoti wizi polisi. "Hili neno halikuzaliwa pale kwa Waingereza," alisema. "Wao walikuwa na ndugu yake tu, dhaifu, aliyekuwa anaishi kwa kubebwa ndani ya maneno mengine. Hili lenyewe lililetwa na watu wa kaskazini, waliovuka bahari kuja kupora. Wakapora, wakanogewa, wakaoa, wakabaki. Neno lao nalo likabaki. Na lilikuwa na maana gani? Kupata. Na ukifukua chini zaidi, ni kukamata! Neno la waporaji, linafanya uporaji mpaka leo. Likaingia kwenye kazi ya kufika, likachukua. Kwenye kazi ya kuelewa, likachukua. Kuugua, kupanda basi, kulowa, kuamka, zote zake. Maneno mengine yamekaa nje na vyeti vyao."

Fundi friji aliinua mkono. "Sasa Mwalimu, si tumfungulie kesi?"

"Kaa chini. Hata jela ya Kiingereza ni binamu yake. Neno lao la jela, prison, lilipitia Kilatini, lakini mzizi ni ule ule wa kukamata. Utamfunga kwa ndugu zake?"

Hata kusahau, aliwaambia, kwa Kiingereza forget, ni get hiyo hiyo imevikwa kichwa cha kukataa: kitu ulichokuwa umekishika kimekuponyoka. Hapo alimwangalia kila mtu usoni. "Kwangu hakimponyoki mtu."

Kisha akagawa. Kila mwanafunzi alipewa maana moja, ya kwake peke yake. Mama Vitambaa, mwenye duka la nguo za mita, alipewa ile kongwe ya kupata na kununua. Mlinzi wa jengo letu, aliyesoma jioni kabla ya zamu yake ya usiku, alipewa kufika. Dobi, mwanamke mwenye mikono mipana na kicheko cha kuamsha mtaa, alipewa ile ya hali kugeuka: kulowa, kukauka, kuchoka, kuzeeka. Kinyozi alipewa ya kufanyiwa jambo na mwingine, kwa sababu hakuna anayejinyoa kisogo. Fundi friji alipewa kuelewa.

"Mimi? Kuelewa?" fundi alishtuka. "Mwalimu, unanitania."

"Nimekupa unachohitaji."

Mimi nilidhani ninafuta ubao tu. Akanigeukia. "Na wewe! Hakuna anayekaa humu bure. Chukua get lost. Potelea mbali. Inakufaa."

Sheria ilikuwa moja, na ilikuwa kali: cha mwenzio hukigusi bila kuomba. Ukitaka kusema umefika nyumbani, unamgeukia mlinzi, "Naomba yako," anasema, "Chukua," unatunga sentensi yako, ukimaliza unasema, "Nimekurudishia." Anayechukua bila kuomba anasimama nje ya mlango mpaka mwenye mali amsamehe. Mama Vitambaa aliombwa na kila mtu jioni nzima, akaanza kujibu kama yuko dukani, "Chukua, lakini usiichafue." Mtu asipokuja, maana yake haisemwi siku hiyo. Dobi alipougua, darasa zima lilikaa halilowi wala halikauki, hadi walipokerwa wakaenda kumjulia hali, nusu kwa upendo, nusu kwa sababu kinyozi alikuwa na sentensi ya mvua.

Utacheka. Na mimi nilicheka. Lakini niliwasikia wale watu wakiongea Kiingereza wakishuka ngazi, bila kulazimishwa, wakiombana na kurudishiana, na mimi niliyekaa chuoni kwa hela ya mama yangu sikuwahi kuongea Kiingereza kwenye ngazi yoyote.

Sasa niseme habari za Mkurugenzi, hasira ziende mahali pake.

Mkurugenzi ndiye mwenye kituo. Ana picha yake kila ghorofa, utadhani ndiye aliyebuni ngazi. Alikuwa amerudi kutoka kwenye semina na neno moja mdomoni: skrini. Somo limerekodiwa, mwanafunzi anaketi, anabonyeza. "Kitenzi get kizima, dakika kumi," alimwambia mama mdogo ofisini, na mimi nipo nimebeba kopi. "Wewe unachukua muhula."

"Hiyo skrini yako ikilowa inajua imelowa?"

"Mama, sipendi ukali. Mtahini anakuja kutoka nje. Darasa lako likifaulu, chumba chako. Likifeli, nafunga darasa la jioni, naweka skrini. Haki hiyo?"

"Haki," alisema mama mdogo, kwa sauti ya mtu anayetafuna msumari.

Akawaambia wanafunzi waziwazi: mkifeli, hatuna darasa. Basi wakasoma. Nimeona watu wakisoma kwa kupenda na kwa kuogopa, lakini wale walisoma kwa ghadhabu, kama wanagombea kiwanja cha urithi. Fundi friji alikuwa anajiuliza maswali kwa sauti huku kichwa kiko ndani ya friji la mteja. Dobi alibandika maneno kwenye ndoo. Jioni ya mwisho mama mdogo aliwauliza kitenzi chote, wakakitoa chote, kila mtu chake, kimepangana kama ukuta. Hata hakugomba. Nikaogopa.

Siku ya mtihani mimi nilikaa nje kwenye ngazi. Mtahini alikuwa mzee mpole mwenye chupa ya maji na kalamu mbili. Swali kubwa, lenye nusu ya alama zote, lilisema: eleza maana kumi za kitenzi get, na kila moja uitungie sentensi. Nilipolisikia likisomwa nilitaka kucheza. Tumepita! Wamepewa shamba lao wenyewe walime.

Walitoka wanatabasamu. Dobi akanigonga bega, karibu nianguke. "Rahisi! Nimeandika ya shuka jeupe mpaka mtahini atasikia baridi."

"Na nyingine?"

"Nyingine zipi?"

Nikamwangalia. Nikamwangalia mlinzi. Mlinzi akasema kwa fahari, "Mimi nimejaza ukurasa mzima. Nimefika nyumbani, nimefika kazini, nimefika salama, nimefika nimechelewa."

"Lakini umeandika kumi?"

"Nimeandika yangu," alisema, kama ninamuuliza kama amevaa suruali yake. "Mle ndani ungemwombaje mtu? Imekatazwa kuongea."

Mungu wangu. Wote. Kila mmoja aliandika maana moja, ya kwake, kwa sentensi nzuri ambayo ungeweza kuitia kwenye fremu, akaacha nafasi tisa nyeupe kwa heshima ya wenzake. Fundi wa kuelewa hakuelewa. Mama Vitambaa, ambaye kila mtu amekula kwake, hakula kwa mtu. Walifeli kwa adabu.

Mama mdogo aliitwa ofisini, akaonyeshwa. Sitasema alilia, maana hakulia. Alipanda ngazi kwa kishindo, msumeno wa chini ukawa unalia, na kwa mara ya kwanza hakuusubiri unyamaze.

"Nani!" alipiga kelele juu ya ule msumeno. "Nani aliwaambia muandike moja moja? Mna wazimu? Umeulizwa kumi unaandika moja, ukiulizwa watoto wako utataja mmoja? Nani aliwafundisha upumbavu huu?"

Msumeno ukakatika hapo hapo, neno upumbavu likabaki peke yake chumbani.

Mlinzi akasimama. Anasimama vizuri, ni kazi yake. "Wewe, Mwalimu."

"Ulisema cha mwenzio hukigusi," aliendelea. "Ulimsimamisha huyu kinyozi mlangoni siku mbili kwa sababu alifika bila kuniomba."

"Darasani! Nilisema darasani!"

"Hukusema darasani," alisema dobi, na kicheko chake hakikuwepo. "Tusikilizane, Mwalimu. Mimi naifahamu ya fundi, ya kinyozi, ya huyu mama, zote, hata ya huyu wako wa kufuta ubao. Usitutukane kwa kushika ulichotushikisha. Kama ulitaka tuibe, ungetufundisha kuiba."

Nilisubiri alipuke. Akakaa kwenye dawati la watoto, magoti yake yakagonga mbao. Naapa, nimemwona akigombana na fundi bomba, na polisi, na mchungaji wake kuhusu kipaza sauti, na hakuna siku hasira zake ziliwahi kukosa pa kwenda. Siku hiyo zilizunguka chumba kizima, hazikumpata mtu, zikarudi kwake.

"Sawa," alisema. "Hiyo ni yangu. Mnisamehe. Lakini bado nimekasirika."

"Kasirika tu," alisema Mama Vitambaa. "Ukinyamaza tutaogopa zaidi."

Mama mdogo akateremka tena ofisini, mimi nyuma yake. Akamwomba Mkurugenzi na mtahini waziweke karatasi zote pamoja, wazisahihishe kama karatasi moja. Mtahini akajikuna kidevu, akasema kwa upole kwamba angependa, lakini cheti hupewa mtu, hakipewi darasa. Na hapo, niseme ukweli, mzee hakuwa na kosa. Mama mdogo akaomba warudie mtihani kesho yake. Mtahini akamtazama Mkurugenzi: yeye hana neno, mwenye kituo aseme. Na Mkurugenzi, aliyeweza kusema ndiyo kwa kutikisa kichwa tu, bila gharama ya hata karatasi, akatabasamu.

"Tulikubaliana, mama. Ulisema haki."

Huyo ndiye aliyenikaba roho. Kushindwa kunauma, lakini kuna mtu anayefurahi umeshindwa kwa kosa dogo, kwa sababu kosa kubwa lingemlazimu afikiri.

Akapanda mwenyewe darasani kutangaza, suti inanukia. "Ndugu wanafunzi, msihuzunike. Jumatatu mtakuta skrini. Hakuna kuombana ombana kama watoto wa chekechea." Akamnyooshea kidole fundi friji. "Wewe, mtu mzima mwenye ndevu, unajua maana moja ya get?"

Fundi friji akasimama taratibu. Akamgeukia dobi. "Naomba yako."

"Chukua."

"I am getting angry," alisema fundi, kwa Kiingereza safi, kila neno limekaa. "Nimekurudishia." Kisha kwa mlinzi, "Naomba yako." Kisha kwa Mama Vitambaa. Kisha kwa kinyozi. Alizunguka chumba chote hivyo, anachukua, anasema, anarudisha, na kila sentensi ilimhusu Mkurugenzi, na hakuna iliyomsifu. Ile ya kinyozi ilihusu kunyolewa bila maji.

Mkurugenzi alisikiliza hadi mwisho. "Mngeandika hayo," alisema. Na alikuwa sahihi, na ndiyo maana nilitamani kumtupia kifutio. "Mama, wewe nitakubakiza. Utakuwa msimamizi wa skrini. Zikizima, unawasha."

Mama mdogo akasimama. Alikuwa ametulia kupita kiasi, utulivu wa sufuria ambayo mfuniko umeanza kucheza. Hakumtazama Mkurugenzi. Alinitazama mimi, kwenye kona yangu, na kifutio mkononi.

"Mwanangu. Naomba yako."

"Chukua, mama."

Akamgeukia Mkurugenzi. "Get lost."

Polepole, matamshi yote mahali pake, ile t ya mwisho imegongwa kama mlango. Kisha akanirudia mimi. "Asante. Nimekurudishia."

Darasa lililipuka. Dobi alicheka kile kicheko chake, na chini karakanani mtu akauliza kwa sauti kuna nini huko juu. Mkurugenzi alibadilika rangi. "Mlinzi!" aliita kuelekea ngazini. "Mlinzi, njoo umtoe huyu mwanamke!"

"Niko hapa, bosi," alisema mlinzi kutoka dawati la pili, daftari wazi mbele yake.

"Basi mtoe!"

Mlinzi akaangalia saa ya ukutani. Ana watoto, na kazi yenyewe ni hiyo hiyo moja. "Zamu yangu haijaanza, bosi. Sasa hivi niko kwenye kipindi."

Mkurugenzi alimtazama, akatutazama, akashuka. Tulisikia viatu vyake ngazi zote, hadi mlango wa ofisi ulipojibamiza.

Nisikudanganye, darasa lilifungwa. Jumatatu mafundi walikuja, wakang'oa ubao. Mlinzi alihamishiwa stoo ya kituo ng'ambo ya mji, ambako kufika kwenyewe sasa ni kazi, na mimi nikisikia mtu anasema heri hakufukuzwa, namwambia aende akafike yeye.

Lakini jioni ile, kabla ya hayo, tuliteremka wote pamoja. Mama mdogo alikuwa amebeba kasha lake la chaki chini ya kwapa kama anaondoka na kuku wake, na alikuwa anagomba kila ngazi. Aligombana na kinyozi kwa kutembea polepole, na fundi kwa kutembea haraka, na picha ya Mkurugenzi ya ghorofa ya kwanza kwa kutabasamu. Getini mlinzi, aliyetutangulia kuwahi zamu, alikuwa amekwishavaa sare.

"Kesho wapi?" mama mdogo aliuliza, bado kwa sauti ya ugomvi, kama tumeficha.

"Kwangu uani," alisema dobi. "Lakini mtakaa juu ya mabeseni, na shuka za watu msizishike."

"Vizuri. Na sikilizeni niwaambie." Akainua kidole, ingawa hakukuwa na msumeno. "Tutatafuta mtihani mwingine, kokote uliko, na kila mtu ataandika zote. Zote! Atakayeandika moja nitamnyonga kwa kamba ya nguo."

Fundi friji alikuna ndevu. "Bila kuomba, Mwalimu?"

Mama mdogo alifungua mdomo amgombeze. Akamwangalia mlinzi kwenye mwanga wa taa ya geti. Akamwangalia dobi.

"Mtaombana nje," alisema. "Kabla hamjaingia. Kila mtu amwombe kila mtu, mkimaliza ndiyo mwingie."

"Na kurudisha?"

"Mkitoka! Mnarudisha mkitoka! Mambo mengine lazima niwafundishe mimi?"

Mlinzi akafungua geti. Mlango wa waenda kwa miguu ni mwembamba pale, kwa hiyo walipita mmoja mmoja, na kila aliyepita alimwambia, "Naomba yako," kwa sababu walikuwa wanaenda nyumbani, na yeye kila mara alijibu, "Chukua." Mimi nilipita wa mwisho. Juu, dirishani kwa Mkurugenzi, taa ilikuwa inawaka na skrini moja tayari inajaribiwa, ile sauti ya kurekodiwa inasoma maana za get moja baada ya nyingine, haimuulizi mtu.

Nikaitazama, nikaitolea yangu, kwa sauti. Hiyo sikuhitaji kumwomba mtu.